Usifungue Gunia la Chumvi

Fundi mzuri wa mabwawa ya kuogelea hujulikana kwa kile anachokataa kufanya nusu saa ya kwanza. Taa nyekundu inawaka kwenye kisanduku cha ukutani, kioo kinasema chumvi imepungua, mwenye nyumba amekwisha kumtuma zamu, yaani mlinzi wa nyumba, akanunue magunia mawili, nayo yameegemea ukuta yakingoja. Fundi wa kubahatisha hukata uzi wa gunia. Fundi wa kweli huomba kikombe.

Makomeno ni mojawapo ya mitaa ya Lubumbashi ambako lupango moja, yaani kiwanja chenye ukuta, huweza kubeba miembe, nyumba kubwa, jenereta, foraji ya kuvuta maji ardhini na bado ikabaki nafasi ya bwawa. Kazi ya kutunza mabwawa hayo haina sifa mjini. Watoto hawaoti kuifanya, na wengi huiona ni ya kubeba ufagio mrefu na kuokota majani. Mimi nimekaa pembeni nikamtazama mmoja wa mafundi hao akitafuta ugonjwa wa mashine ya klorini, nikaona ni kazi ya akili kuliko nyingi zinazofanywa kwa tai shingoni.

Hoja yake ya kwanza ni hii: chumvi ya bwawa haiishi. Mashine huichukua ikiwa imeyeyuka majini, huupitisha umeme kati ya mabamba membamba ya chuma, na klorini huzaliwa. Klorini ile huua vijidudu na kijani cha maji, kisha ikimaliza kazi hurudi kuwa chumvi ileile. Haiungui wala haipai angani. Hutoka kwa njia chache tu: maji yanayomwagika watoto wakiruka, maji ya kuoshea filta ya mchanga, ufa uliofichika, na mvua inayojaza bwawa mpaka likafurika. Tuchukue bwawa la mita za ujazo 50. Kwa gramu 3.2 kwa lita, ambacho ndicho kipimo mashine nyingi hukipenda, lina kilo 160 za chumvi. Bahari ina gramu 35 kwa lita, kwa hiyo hapa ulimi hausikii ila kwa mbali. Kilo hizo 160 zikisemwa zimepungua, fundi ana haki ya kuuliza zimekwenda wapi.

Kalenda ya Lubumbashi humjibu nusu ya swali. Mji hupata mvua ya takriban milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Kila milimita huangukia pia juu ya bwawa, na kinachofurika huondoka na chumvi. Taa ikiwaka Februari, basi inaweza kuwa inasema kweli. Ikiwaka Julai, baada ya miezi bila tone, inastahili kushukiwa. Zaidi ya hayo, Juni na Julai ni baridi. Mji uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10. Maji baridi hupitisha umeme kwa shida, karibu asilimia 2 pungufu kwa kila nyuzi moja inayoshuka. Nayo mashine, tukumbuke, haina ulimi. Haionji chumvi. Hupima umeme unaopita kati ya mabamba, kisha hukisia chumvi kutokana na umeme huo.

Hapo ndipo siri yote ya kazi hii ilipo. Chochote kinachozuia umeme kupita, mashine hukiita chumvi pungufu. Maji ya baridi huitwa chumvi pungufu. Chokaa iliyoganda juu ya mabamba, waya uliolegea, transfoma iliyochoka, mabamba yaliyozeeka: vyote hupewa jina hilo moja. Mwenye nyumba anayetii taa humwaga gunia, taa huzimika kwa wiki mbili kwa sababu chumvi iliyozidi hupitisha umeme zaidi, kisha huwaka tena, humwaga tena. Mwisho bwawa lina gramu 6 kwa lita, ngazi ya chuma inaota kutu, na mashine ileile ni mgonjwa kama mwanzo. Chumvi iliyozidi haina dawa ila kumwaga maji na kujaza mapya, na katika mwezi wa Septemba, foraji zikiwa zimenywea, hiyo si dawa ya kumwambia mtu kwa furaha.

Kwa hiyo kikombe. Fundi hushusha mkono majini hadi kwenye kiwiko, mbali na matundu yanayorudisha maji, akachota huko chini. Hupima kwa kifaa chake mwenyewe kisicho na undugu na mashine. Siku niliyokuwapo kilisoma gramu 3.4.

“Mama, chumvi iko,” akamwambia mwenye nyumba. “Ni mashine njo inadanganya.”

“Lakini taa njo inaonyesha, papa.”

“Taa inaonyesha kitu kimoja tu. Tuipe muda.”

Hakuigusa mashine bado. Alipima klorini, akapima ukali wa maji, yaani pH, na akapima asidi siyanuriki, ile dawa inayoikinga klorini na jua. Kipimo hiki cha mwisho mafundi wengi hukiruka, na kwa maoni yangu ndicho kinachowafanya wauze mashine mpya zisizohitajika. Chini ya jua la nyuzi 11 kusini ya ikweta, klorini isiyo na kinga humalizika kwa saa chache za mchana. Mashine inaweza kuwa inafanya kazi yake yote vizuri na bwawa likawa kijani vilevile, kwa kuwa jua linakula haraka kuliko mabamba yanavyopika. Bwawa la chumvi huhitaji kati ya miligramu 60 na 80 za dawa hiyo kwa lita. Lile la siku hiyo lilikuwa nazo. Jua likaondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Kabla hajafungua kisanduku nirudi nyuma kidogo, maana hii ni Katanga, na Katanga si mgeni wa jambo hili. Kwenye kiwanda cha Shituru, kule Likasi, wamekuwa wakitoa shaba majini kwa umeme tangu mwaka 1929, enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, na kiwanda cha Luilu cha Kolwezi kikafuata mwaka 1960. Malori yanayobeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma kuelekea mpakani Kasumbalesa yamebeba kazi ya kanuni ileile inayotawala mashine ya bwawa. Kanuni hiyo aliitoa Michael Faraday katika miaka ya 1830: kiasi cha kitu kinachozaliwa hufuata kiasi cha umeme uliopita, bila upendeleo. Ampea moja kwa saa moja hukupa gramu 1.19 za shaba kwenye tangi la Shituru. Ampea ileile, saa ileile, hukupa gramu 1.32 za klorini kati ya mabamba mawili ya Makomeno. Fundi wetu, aliyelelewa na mjomba aliyekuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, hana haja ya kufundishwa kwamba ukitaka kujua mashine inazaa nini, uulize ampea zake.

Tofauti iko kwenye chuma. Matangi ya shaba yamezoea anodi za risasi. Klorini ingeila risasi hiyo na kuchafua maji ya watoto. Kwa miaka mingi viwanda vya klorini vilitumia makaa magumu ya grafiti, yaliyokuwa yakilika taratibu, mpaka Henri Beer alipopata hati za ubunifu wake katika miaka ya 1960: bamba la titani lililopakwa utando mwembamba wa oksidi ya rutheni. Titani hushika umbo, utando hufanya kazi. Kila seli ya bwawa leo, yaani kile kifaa kinachobeba mabamba, ni mjukuu wa wazo hilo, na baadhi huongezewa iridi. Utando ni mwembamba mno, na ukiisha, seli imekufa hata kama bamba linang'aa.

Bwawa ni anasa, nami sitajifanya kwamba si anasa, katika mji ambao mitaa mingi bado hupanga ndoo kwenye bomba moja. Lakini ujuzi wenyewe hauna tabaka. Kifaa kidogo kiitwacho WATA, cha shirika la Antenna la Geneva, hutumia mabamba ya aina hii: gramu 25 za chumvi katika lita moja ya maji, umeme wa sola, na baada ya saa kadhaa una dawa yenye gramu 6 za klorini kwa lita, ya kusafishia maji ya kunywa na sakafu za zahanati. Anayejua kuchunguza seli ya Makomeno anaweza kuichunguza na ile, na ningependa wakuu wa maeneo yanayosumbuliwa na kipindupindu wamjue mtu huyu kabla wenye mabwawa hawajammaliza.

Sasa kisanduku. Alizima umeme kwenye swichi kuu, akathibitisha kwa multimita kwamba umezimika kweli, ndipo akafungua skrubu. Kwanza alinusa. Bodi iliyoungua ina harufu ambayo haisahauliki, na mara nyingi kuna doa la kahawia kuzunguka kidude cha duara kinachopunguza kishindo cha umeme unapowashwa. Lubumbashi imeua vidude hivyo vingi. SNEL, shirika la umeme, ikikata, mashine hulala. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, kidude hicho ndicho cha kwanza kupigwa. Kukibadilisha ni kazi ya dakika chache za kuchomelea risasi, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na seli mpya. Ndiyo sababu kisanduku hutangulia seli katika mpangilio wake: kila mara hatua ya bei ndogo hutangulia ya bei kubwa.

Nikiwa namtazama nikawaza jambo la kuchekesha kuhusu umeme wetu. Ule unaotoka kwenye mitambo ya Inga husafiri kilomita 1,700 hivi kuvuka nchi hadi Kolwezi ukiwa wa mkondo mnyoofu. Huko hugeuzwa kuwa mkondo geu ili uingie kwenye nyaya za mji. Ukifika Makomeno, transfoma na daraja la diodi ndani ya kisanduku hiki kidogo huurudisha kuwa mkondo mnyoofu, wa volti ishirini na kitu, ili uweze kupika chumvi.

Bodi ilikuwa safi. Fyuzi nzima. Hakuna mjusi aliyejikausha kati ya vituo vya nyaya, jambo ambalo hutokea, maana kisanduku kina joto na mijusi hupenda joto. Alirudisha umeme, akasoma volti zinazoelekea kwenye seli, akazunguka waya kwa koleo la kupimia ampea. Volti zilikuwepo kamili. Ampea zilikuwa chini ya nusu ya zile ambazo seli hiyo inapaswa kuvuta kwa chumvi ile na joto lile. Kisanduku kinatoa, seli haipokei.

Kisha akafanya kitu ambacho kwangu ndicho kilele cha ustadi wake, ingawa kwa macho kilikuwa ni kubonyeza swichi tu. Mashine hizi hugeuza mwelekeo wa umeme kila baada ya saa kadhaa, ili bamba lililokuwa likikusanya chokaa lipate zamu ya kuitema. Alilazimisha mgeuko huo kwa mkono: akazima, akawasha, akasubiri namba itulie. Akazima tena, akawasha, akasubiri. Upande mmoja mashine ilikisia chumvi gramu 2.6. Upande wa pili, gramu 1.5. Maji ni yaleyale, dakika ni zilezile. Kama shida ingekuwa baridi au chumvi, pande zote mbili zingeshuka pamoja. Zinapotofautiana hivyo, mabamba ya upande mmoja yamepoteza utando au yamefunikwa. Limebaki swali moja tu: chokaa, au uzee?

Alifunga valvu, akafungua yunioni mbili kwa mkono, akaitoa seli na kuielekeza juani. Kati ya mabamba kulikuwa na ukoko mweupe. Chini ya Lubumbashi kuna miamba ya chokaa na dolomaiti, na maji yanayovutwa kutoka humo huja na sehemu ya mwamba. Ndani ya seli, pale haidrojeni inapozaliwa, maji hupungua ukali ghafla, na chokaa iliyoyeyuka huganda palepale. Hata ukitunza bwawa lako vizuri, kwa maji ya namna hii seli itaota meno.

Zamu, kijana mwenye moyo wa kusaidia, akasema rafiki yake anaweza kuleta asidi ya betri. Katika mkoa wa migodi asidi sulfuriki haiko mbali kamwe. Fundi alikataa kwa upole, akaeleza. Asidi sulfuriki ikikutana na chokaa huzaa jasi, na jasi haiyeyuki kwa urahisi. Ungeondoa ukoko mmoja na kuacha mwingine mgumu zaidi. Inayotakiwa ni hidrokloriki, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, na ni asidi inayomiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Aliziba upande mmoja wa seli, akaisimamisha ndani ya ndoo, akamimina, povu likapanda. Hakuiacha ikae muda mrefu. Asidi inayosafisha chokaa hula utando pia, na seli nyingi za mji huu zimeuawa na usafi. Hakuingiza bisibisi kati ya mabamba, ingawa ukoko mmoja ulikuwa mkaidi na bisibisi ilikuwa mfukoni mwake. Aliuongezea dakika chache, ukaachia wenyewe.

Seli ilirudishwa, pampu ikawashwa. Kwenye seli nzima yenye kifuniko cha kuonea ndani, maji huwa meupe kama yaliyooshea unga, kwa viputo vya haidrojeni. Hapa viputo vilitoka kwenye mabamba ya upande mmoja. Mengine yalikaa kimya majini kama hayajui kilichoyaleta. Ampea zilipanda kidogo, hazikufika. Upande mmoja gramu 2.8, upande mwingine 1.6. Chokaa imeondoka, tofauti imebaki. Sasa, na si kabla ya hapo, alimwambia mama mwenye nyumba kwamba seli imezeeka. Alipoulizwa ina umri gani, hesabu ilikubali: seli nyingi huhesabiwa saa 10,000 hivi za kazi, na hii ilikuwa imezipita.

Ununuzi niupitie haraka, hauna uzuri. Vifaa hivi mara nyingi huja kutoka Afrika Kusini kwa barabara kupitia Zambia, na muuzaji atakuambia seli yake inaingia mashine yoyote. Si kweli. Idadi ya mabamba na volti lazima zikubaliane na kisanduku. Fundi alihesabu kwa sauti: bwawa la mita za ujazo 50 huhitaji gramu 50 za klorini kuinua kipimo kwa miligramu moja kwa lita, msimu wa joto hula mbili hadi nne kwa siku, yaani gramu 100 hadi 200. Seli ya gramu 20 kwa saa, pampu ikizunguka saa 8, hutoa 160 ikiwa imewekwa asilimia mia. Akashauri kubwa zaidi, ya gramu 30, ili isilazimike kukimbia kila siku kwa nguvu zote. Gharama ya mwanzo hupanda, ila utando hudumu.

Kuifunga seli mpya kulikuwa na mambo matatu ambayo hakuyaharakisha. Alifuta mipira ya duara ya yunioni na kuipaka grisi ya silikoni, si ile ya gari ambayo hulainisha mpira mpaka ukavimba. Alifuata mshale wa mwelekeo wa maji. Na alijaribu swichi ya mtiririko kwa kuzima pampu na kuhakikisha mashine inajizima nayo. Nimeona mahali ambapo swichi hiyo imeunganishwa moja kwa moja kwa waya kwa sababu ilikuwa ikisumbua. Maji yakisimama na umeme ukaendelea, haidrojeni hujaa bombani, na cheche moja hulipasua. Fundi anayeipita swichi hiyo asilipwe, afukuzwe.

Aliwasha, akasubiri namba itulie pande zote mbili: gramu 3.3, na gramu 3.3. Akachukua kalamu ya wino usiofutika, akaandika ndani ya kifuniko cha kisanduku tarehe, ampea, joto la maji na chumvi aliyoipima kwa kifaa chake, ili fundi wa kesho, awe yeye au mwingine, ajue seli hii ilikuwaje siku ya kwanza. Akaweka uzalishaji asilimia 60 na kumwambia zamu apime ukali wa maji kila Jumatatu. Seli mpya hupandisha pH haraka kuliko ile ya zamani iliyokuwa imelala, na pH ikipita 7.8 chokaa huanza tena. Asidi imiminwe upande wa kina kirefu, pampu ikiwa inazunguka, na mtu yeyote asiingie majini jioni hiyo. Kuhusu delestaji, alisema, mama asijaribu kufidia saa zilizokatwa kwa kupandisha mpaka mia. Aongeze saa za pampu umeme unapokuwepo, hata kama ni usiku.